Siku Tatu Bila Usukani

Stendi ya Mabasi, Songea
Ijumaa asubuhi

Mdogo wangu Devota,

Tumsifu Yesu Kristo. Itikia kwanza, ndipo uendelee kusoma. Najua ukiona barua badala ya simu utadhani nimelazwa. Sijalazwa. Nimekula chapati mbili na supu, nimekunywa chai ya tangawizi, na hapa ninapoandika nimeketi kwa mama ntilie, mgongo wangu unaota jua, maana baridi ya Songea mwezi huu wa saba haipishani sana na ya kwetu Mbinga. Nakusalimu wewe, nalisalimu goti lako, na wote wa hapo nyumbani. Goti nalitaja makusudi. Nikifika nataka kusikia kama ile dawa ya kuchua imesaidia, au ulinizungusha maduka manne bure.

Mimi ni mzima, na moyo wangu ni mwepesi kuliko ulivyokuwa Jumanne nilipoondoka. Sikupiga simu kwa sababu ungenikatiza kwenye sentensi ya pili, halafu ungeweka spika majirani nao wachangie. Barua haikatizwi. Nitampa konda wa basi la saa tatu, ananifahamu, atakufikishia dukani kwako kabla ya saa sita. Mimi mwenyewe nakuja na la saa saba.

Kabla ya habari za safari, niruhusu nitoe la moyoni, limenikaa kooni wiki tatu. Mlinikalia kikao ndani ya nyumba niliyoijenga mimi. Nilianza kazi ya utingo nina miaka kumi na sita, nikilala juu ya magunia ya kahawa ya watu. Ishirini na nne nikashika usukani. Thelathini na tatu nikawa na Fuso langu, na hakuna mtu aliyenipa hata tairi. Miaka thelathini na nne ya usukani, Devota, halafu mnaniweka kwenye kochi kama mwizi wa kuku, simu ya Careen imewekwa juu ya kabati ili binti yangu anihukumu kutoka Dodoma, na wewe umesimama mbele yangu umenyoosha mkono unadai ufunguo wa pikapu, kama mwalimu anayemnyang'anya mtoto manati. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba mbele naona lakini pembeni kunafungwa. Mimi nikasema ni vumbi. Careen akasema Baba hawezi kukaa peke yake mahali ambapo bila gari huendi popote, kahawa ikishavunwa aje Dodoma. Nikawaza Dodoma, nyumba ya juu ghorofani, naangalia paa za watu, kahawa ya kwenye kopo.

Hapo ndipo ukatoa ule mtihani wako. Niende Songea siku tatu, nizunguke mjini kwa usafiri wa watu wote, nisimpigie ndugu yeyote anifuate, nikachukue kitenge chako kwa fundi Lizaboni, nimfikishie shoga yako Notburga kahawa yake Ruhuwiko, nirudi. Nikiweza, nabaki kwangu. Nikishindwa, Dodoma. Majirani ukawaambia kaka anakwenda mapumziko. Nilicheka kwa hasira. Mimi nimeijua Songea tangu stendi ikiwa vumbi tupu. Nikasema huo si mtihani, hilo ni tusi.

Basi sikiliza.

Kutoka Mbinga nilikaa nyuma ya dereva, nikamhesabia makosa. Yalikuwa sita, mawili makubwa. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu kila kona, mpaka tunafika paja linauma kama nimelima. Nikashuka stendi na mkoba wangu, nikaona bajaji imepangwa, nikaingia, nikasema Majengo. Kijana akauliza, mzee tunaondoka? Nikamjibu, sasa unangoja nini? Tukaondoka, viti vyote vitupu. Njia nzima namhurumia, nasema moyoni huyu hajui biashara, atafilisika kabla ya Krismasi. Tulipofika Majengo akanitajia nauli ya watu wanne.

Nikawaka. Nilimwambia nimeendesha magari yeye hajazaliwa, asinifanye mshamba. Akanijibu taratibu, tena kwa heshima, kwamba bajaji za kuchangia zinasubiri zijae, na ndiyo maana aliuliza kama tunaondoka. Nilipomwambia anangoja nini akajua nimekodi. Nilipotaka kubisha, mama mmoja anayeuza vitumbua pale pembeni akaniambia lipa tu baba, ulitaka kusafiri kama bwana harusi. Watu wakacheka. Nikalipa. Nikakaa chumbani gesti nikajiuliza kosa lilikuwa wapi, na jibu likanijia: miaka thelathini na nne gari limeondoka pale nilipotaka mimi. Sikuwahi kujua kwamba kuna watu kazi yao ni kusubiri lijae.

Binti wa mapokezi ndiye aliyenifundisha. Unaingia, unataja unakokwenda, unanyamaza. Ukikaribia unasema shusha, unasema mapema, si ukishapita. Nilimuuliza nitajuaje nimekaribia kama sipafahamu. Akasema muulize mtu, baba, watu wapo. Hilo nalo lilikuwa jipya kwangu.

Jumatano nikaenda Lizaboni kuchukua kitenge. Safari hii nikasubiri. Dakika kumi na nne, nilizihesabu, lakini nikasubiri. Dereva anaitwa Sefu, kijana wa Tunduru, mcheshi. Mimi nilikaa nyuma katikati, kushoto kwangu mwalimu na rundo la madaftari, kulia kwangu mama anaitwa Shakila na ndoo yake ya dagaa wa Nyasa. Aliyekuwa mbele alishuka karibu tu, pakawa wazi. Hatujafika mbali, Shakila akaruka, akauliza mzee unakanyaga nini, huo ni mguu wangu. Nikaomba radhi. Tuta la pili nikamkanyaga tena. Nikaomba radhi tena, nikamweleza kwamba mimi ni dereva, mguu umezoea. Akamwita Sefu, akamwambia asimamishe, amhamishie huyu babu mbele akakanyage breki za mwenye gari, yeye viatu vyake havijamaliza mwezi. Mwalimu akacheka mpaka madaftari yakamporomoka. Nikahamia mbele, nikakaa bega kwa bega na Sefu. Akaniambia karibu ofisini, mzee wangu, ila usiguse usukani.

Sasa hapo mbele, Devota, ndipo jambo lenyewe lilipotokea, na sitalipamba. Tulikuwa tunakaribia njia panda. Mimi macho yangu yako barabarani kama siku zote, na barabara ilikuwa nyeupe, haina kitu, ningekuwa mimi ningepita. Nyuma Shakila akasema, baiskeli hiyo. Alisema kawaida tu, kama mtu anayesema kunanyesha. Sefu alishaanza kupunguza. Mwalimu naye akasema jamani vijana hawa. Na mimi bado natazama barabara nyeupe. Ndipo baiskeli ikatokea mbele yetu, mtu na mzigo wa mkaa, kana kwamba imechipuka kutoka kwenye lami. Sefu akamsubiri apite, akampigia honi ya utani, tukaendelea. Wote watatu waliiona ikija. Hata mwenye ndoo ya dagaa nyuma aliiona. Mimi niliyekaa mbele, mwenye miaka thelathini na nne, niliiona ilipokuwa imeshafika.

Tukafika Lizaboni. Nikachukua kitenge chako, kimeshonwa vizuri, mikono ameiweka kama ulivyotaka. Kisha nikamtafuta Sefu, nikamkodi, safari hii nikijua nakodi. Nikamwambia nikae palepale mbele, turudi Majengo, na njiani kila kitu kitakachoingia barabarani kutoka pembeni, mtu, mbuzi, pikipiki, akitaje yeye kwa sauti kikishatokea, na mimi nikikiona kabla yake nitasema. Akaniangalia. Akauliza kama mimi ni mtu wa serikali nimekuja kukagua bajaji, maana leseni yake ipo, iko chini ya kiti. Nikamwambia nakagua, lakini si bajaji.

Tukaenda. Nilihesabu kwa vidole, nikaandika kwenye karatasi ya kitenge. Vilivyoingia kutoka pembeni vilikuwa kumi na saba. Nilivyoviona mwenyewe kabla Sefu hajasema ni sita. Kumi na moja vilinipita, Devota. Kati ya hivyo, viwili vilikuwa watoto wa shule. Tulipofika Sefu hakutania tena. Aliuliza tu, mzee, kwenu unaendesha gari? Nikasema nilikuwa naendesha. Ni mara ya kwanza kulitamka neno hilo hivyo, na nikashangaa kwamba sikuanguka.

Unanijua, mimi maneno ya watu hayaniingii. Daktari alinionyesha karatasi yenye madoa meusi nikasema mashine yake mbovu. Wewe umesema, Careen amesema, padri amedokeza. Lakini hesabu niliyoifanya mwenyewe siwezi kuibishia.

Nilidhani usiku ule nitalia. Badala yake nililala kama mtoto. Na jana Alhamisi ndipo nilipoelewa kwa nini. Nilipanda daladala ya Ruhuwiko kumpelekea Notburga kahawa yake. Nikapata kiti cha dirishani, nikataja kituo, nikanyamaza. Mguu ukataka kukanyaga, nikauambia tulia, leo si zamu yako. Nikaangalia nje. Unajua nimepita mjini Songea mara ngapi? Kwa uchache mara mia saba. Sijawahi kuangalia nje pembeni. Siku zote nilikuwa na kazi ya kuangalia mbele ili asife mtu. Jana nilikuwa sina kazi hiyo. Nikageuza shingo yote nikaangalia watu wanaanika nguo, wanachota maji, wanapanga nyanya, nikiwaona mmojammoja kwa raha zangu, na jua limenipiga usoni, nikasinzia.

Nikazinduka gari limefika mwisho wa njia. Abiria wachache waliobaki walikuwa wananijadili. Mmoja anasema mwacheni mzee wa watu apumzike, mwingine anasema mguseni kwanza kama anapumua. Nikawaambia napumua, ila kituo changu kimepita. Konda akacheka, akasema mzee hata godoro la gesti halikukufaa. Nikarudi kwa miguu, dakika kumi na mbili, nikimuuliza kila ninayekutana naye, na kila niliyemuuliza alinijibu. Mmoja alinisindikiza mpaka mlangoni kwa Notburga. Sikumpigia ndugu simu. Hilo uliandike kwenye mtihani wako.

Notburga mzima, amenenepa, anakusalimu. Alinipikia ugali na kisamvu. Tukiwa tunakula akaniuliza, bila ubaya wowote, kama mwanao Fulgence bado ana gereji, maana alisikia kwamba aliharibu breki zangu nusura niue mtu. Amesikia akiwa Ruhuwiko, kilomita mia moja kutoka Mbinga! Nilitakiwa kusema neno moja tu pale, na sikulisema. Nilikunywa maji. Nikasema ndiyo, gereji bado ipo. Nikaaga mapema.

Ndiyo maana naandika. Keti sasa, kama umesimama.

Mama Fulgence, breki zilikuwa nzima.

Siku ile ya mwezi wa nne, nikiwa na pikapu, kabla ya kufika Kigonsera, sikukanyaga breki. Hakuna breki inayoshika bila kukanyagwa. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yangu kama ilivyokuwa nyeupe juzi, kisha Mzee Thadei na baiskeli yake wakawa mtaroni. Niliposimama nilikuwa nimeshampita hatua ishirini. Watu wakaja mbio, na mmoja akaniuliza swali dogo tu, kwamba ulikuwa humwoni? Nikaona aibu. Aibu ya mtu aliyejijenga mwenyewe ni mbaya, Devota, hana mtu wa kuishika pamoja naye. Mdomo ukasema breki. Nilidhani nimelilaumu gari. Lakini kila mtu Mbinga anajua nani alibadilisha pedi za gari lile wiki iliyotangulia, na walipolitaja jina la mwanao sikusema si yeye. Nikaliacha litembee. Mzee Thadei alipona, nikamnunulia baiskeli nyingine, nikajiambia yameisha.

Fulgence alikuja akafungua magurudumu yote manne mbele yangu. Akanionyesha pedi, nzima, zimeshika. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia pedi si kitu, tatizo ni mkono. Akafunga, akanawa, akasema sawa mjomba. Wewe ndiye uliyeniambia baadaye kwamba magari saba yamehama gereji yake, nami nikakujibu kwamba kazi ikiwa nzuri wateja hawahami. Nililisema hilo mezani kwako, nikila chakula chako. Na kwenye kile kikao, mlipoleta habari ya macho, nilisimama nikarudia tena kwamba tatizo ni breki, na Fulgence alikuwa mlangoni.

Nilikuja Songea nikiwa nimekasirika kwamba mmenidhulumu. Narudi nikijua aliyedhulumiwa ni nani. Mzigo huu nimeubeba miezi mitatu, na leo nimeutua kwenye meza ya mama ntilie, na naona hata supu ilikuwa na ladha nzuri kuliko ilivyostahili.

Basi nakuomba haya. Careen umwambie Dodoma siendi, nitakwenda kumsalimia Krismasi, kwa basi, na nitakaa dirishani. Dawa ya macho nitaweka matone kila siku kama daktari alivyosema, na Jumatatu narudi kwake mwenyewe nikamwambie mashine yake haikuwa mbovu. Ufunguo wa pikapu usinirudishie hata nikiomba, hata nikikupigia kelele, maana najijua. Mpe Fulgence. Gari aendeshe yeye, kahawa ya msimu huu aishushe yeye kutoka shambani, na namna ya kufanya tutakaa tupange kama watu wazima wawili.

Barua hii msomee. Usimsimulie, msomee, pamoja na lile neno la mkono. Kama baada ya kuisikia atataka, aje stendi ya hapo Mbinga saa tisa na nusu na pikapu. Mimi nitakaa kushoto. Asipite njia ya nyuma. Apite sokoni, apite taratibu pale madereva wa Fuso wanapokaa kucheza bao, kwa sababu wenye magari yale saba nusu yao wapo pale, na asimamishe. Nitashuka niseme mwenyewe kwa mdomo uleule.

Asipotaka kuja, ni haki yake, wala usimlazimishe wala kumlilia. Nitapanda bodaboda mpaka nyumbani, sasa naweza, na kesho nitakwenda gereji kwa miguu yangu.

Nisalimie shemeji zangu wote, na watoto, na Mzee Thadei akipita dukani mwambie nitamtembelea Jumapili baada ya Misa, nina neno lake pia. Bwana akulinde, na goti lako. Konda ananiita, basi limeshawasha injini.

Ila jambo moja kuhusu Fulgence. Akija stendi, mwambie asinipe shikamoo. Nimeipokea kila Jumapili miezi mitatu na sikuistahili hata moja. Leo anyamaze tu, ashike usukani, nianze mimi.

Kaka yako,
Kajetani Kapinga